Kumpata Ndege Bila Kumwangusha



Katika vitongoji vingi vya Kilosa na Mikumi, mtoto wa kiume humiliki manati kabla hajamiliki saa ya mkononi. Kwa manati hiyo huwajua ndege, lakini huwajua wakiwa wamekwisha kuanguka. Juma hili tunapenda kuzungumza na wazazi juu ya njia nyingine ya kumpata ndege, inayomwacha tawini pale pale alipo: kumpiga picha kwa kamera iliyounganishwa na darubini.

Mwaka 1999, Laurence Poh, mtazamaji ndege wa Malaysia, aliiweka kamera ndogo ya dijitali kwenye tundu la kutazamia la darubini yake, akaona picha inatoka safi. Ufundi huo ukaenea duniani, na leo simu ya mkononi hufanya kazi hiyo hiyo. Hesabu yake ni nyepesi. Lenzi ya milimita 50 ikiwekwa nyuma ya darubini inayokuza mara 20, huwa sawa na lenzi ya milimita 1,000, ambayo peke yake ni mzigo mzito na bei yake haishikiki.

Darubini na isimamishwe juu ya stendi ya miguu mitatu, na simu ifungwe kwa kishikizo ili isitikisike. Tuanze na ukuzaji mdogo. Duara jeusi likionekana pembeni mwa picha, tuisogeze simu taratibu hadi litoweke. Tulenge jicho la ndege, kisha tuache kipima muda cha sekunde 2 kipige picha chenyewe, maana hata mguso wa kidole huiharibu. Wakati bora ni tangu jua kuchomoza hadi saa tatu asubuhi; mchana, hewa ya moto inayopanda kutoka ardhini huifanya picha iyumbe kama iliyo chini ya maji. Na wazazi wawe macho: mtoto asielekeze darubini kwenye jua kamwe, kwani jicho laweza kupofuka.

Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964 na yenye kilomita za mraba 3,230, ina zaidi ya aina 400 za ndege. Kwenye uwanda wa Mkata familia itawaona mumbi wakitembea majanini, na kwenye mabwawa korongo na yangeyange. Humo gari ndilo stendi yetu: tuzime injini, tuweke mfuko mdogo wa mchele juu ya ukingo wa dirisha, na darubini ilale juu yake. Tusishuke ila mahali palipoainishwa. Barabara kuu ya Iringa inayokatiza hifadhi si mahali pa kusimama kwa ajili ya picha.

Asiye na uwezo wa kiingilio hajanyimwa. Kingo za Mto Mkondoa na mashamba ya mkonge vina ndege wao, na chozi huja hadi kwenye maua ya uani. Hudihudi, ambaye watoto wetu humsoma chuoni katika kisa cha Nabii Suleiman, yumo katika nchi hii hii, akidonoa wadudu ardhini. Ni wangapi kati yao wanaomjua kwa sura?

Faida ya picha si pambo la ukutani tu. Mwaka 1991, katika milima ya Udzungwa, watafiti waligundua aina ya kwale ambayo elimu ya ndege haikuwa ikiijua. Dalili yake ya kwanza ilikuwa miguu iliyoonekana ndani ya chungu cha mboga. Baadaye ndugu yake akapatikana katika milima ya Rubeho, jirani zetu kabisa. Ndege huyo alijulikana chunguni kabla ya kujulikana vitabuni. Picha yenye tarehe na mahali ni ushahidi usiohitaji kuua.

Hata hivyo, kamera nayo yaweza kudhuru. Amepokea Abu Dawud kwamba masahaba walichukua makinda ya ndege safarini, mama yao akawa anahangaika, na Mtume (s.a.w.) akaamuru arudishiwe. Mpiga picha anayekata matawi ili kiota kionekane vizuri amemfungulia mwewe na kunguru mlango. Anayemkaribia ndege mpaka akaruka na kuyaacha mayai juani, amechukua zaidi ya picha. Darubini imewekwa ili tubaki mbali; ndege akiacha kula na kututazama, tumeshakaribia mno, turudi nyuma.

Chombo hiki si cha bei nafuu, nasi hatumshauri yeyote akope. Familia tano au sita zinaweza kuchanga, zikanunua darubini moja iliyotumika na kuitumia kwa zamu. Mtoto apewe daftari, aandike chini ya kila picha saa, mahali, na alichokuwa akifanya ndege. Hatudhani kuwa manati itaachwa kwa makemeo. Itaachwa siku mtoto atakapokuwa na jambo la kuwasimulia wenzake kuhusu ndege aliye hai.

Wabillaahi tawfiiq.