Mwenye Motokaa na Mwenye Baiskeli

Asimamaye Igoma saa kumi na mbili ya asubuhi huona jambo ambalo sisi tuamkao kwa kuchelewa hatulioni. Kutoka upande wa Kisesa zaja baiskeli, moja moja kwanza, kisha kwa makundi. Huyu amefunga madumu ya maziwa, huyu magunia ya mkaa, yule mbao ndefu zilizopita upana wa usukani wake, na yule hana mzigo wowote ila chakula chake cha mchana, maana aenda kazini Nyakato. Saa hiyo hiyo lami hiyo hiyo imejaa mabasi yaendayo Musoma na Sirari, malori ya mizigo, daladala, bajaji, na bodaboda zisizohesabika. Barabara haikuongezeka upana usiku. Hapo ndipo matusi ya siku huanza.

Dereva hupiga honi, si kwa kuonya bali kwa kufukuza. Mwenye baiskeli hushtuka, huyumba, hushuka ukingoni penye mawe na mchanga, na akijaliwa asianguke hugeuka kumwuliza dereva kama barabara hii ni ya baba yake. Dereva hujibu kwamba yeye amelipia leseni na bima, na kila lita ya mafuta anunuayo ina tozo ya barabara ndani yake, lakini chuma kile cha magurudumu mawili hakilipi kitu. Konda hutoa kichwa dirishani akaongeza lake, ambalo gazeti la watu wazima haliwezi kuliandika. Abiria hucheka. Gari huenda zake, na mwenye baiskeli husimama akifunga upya mzigo wake.

Hoja ya dereva tumeisikia mara nyingi, hata kwa watu wenye elimu, nasi twaona haina mizizi. Ni kweli kwamba tozo ya mafuta huingia Mfuko wa Barabara. Lakini huyo mwuza mkaa, anunuapo kilo ya sukari dukani, analipa pia nauli ya lori lililoileta, na ndani ya nauli ile imo tozo ya mafuta. Yeye huilipia barabara kila siku pasipo kupewa risiti. Tena baiskeli yake haijapata kuichimba lami. Mashimo yaliyoko njiani ni kazi ya maji ya mvua na malori yaliyojazwa kupita kiasi. Kama barabara ingekuwa ya yule aiharibuye kidogo, mwenye baiskeli angekuwa mrithi wa kwanza.

Wala sheria haikumpa mtu mmoja barabara. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 humhesabu mpanda baiskeli kuwa mtumiaji wa barabara, mwenye haki zake na wajibu wake. Na kabla ya sheria hiyo, watu wa mji huu walipata fundisho kwa macho yao. Mwezi wa Oktoba 1967 Mwalimu Nyerere, akiwa Rais wa nchi, alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza, zaidi ya kilomita 200, kuja kuhudhuria mkutano wa TANU na kuliunga mkono Azimio la Arusha. Mkuu wa nchi alikuwa mtu wa kando ya barabara kwa muda wa siku nane. Hatukupata kusikia kwamba kuna dereva aliyempigia honi amwondoke njiani.

Yako maneno ya wazee yasemayo, mwenye nguvu mpishe. Ni maneno ya busara kwa mnyonge anayetaka kufika nyumbani salama, wala hatumshauri mtu yeyote ashindane na basi. Lakini maneno yale hayakutungwa kuwa haki ya mwenye nguvu. Sasa yamegeuzwa: dereva ndiye anayeyasema, naye huyasema kwa honi.

Yafaa tuiangalie nchi yenyewe ilivyo, maana Mwanza si Dodoma. Mji wetu umebanwa kati ya ziwa na milima ya mawe. Aendaye Nyegezi hana budi kushika Barabara ya Kenyatta, aendaye Igoma hushika ya Nyerere, na aendaye Kirumba na Pasiansi hushika ya Makongoro. Njia za vichochoroni zipo, lakini hupanda Mabatini na Bugarika katikati ya majabali, mahali ambapo hata mbuzi huchagua pa kukanyaga. Mtu mwenye gunia mbili za mkaa hawezi kupita huko. Kumwambia mwenye baiskeli atafute njia nyingine ni kumwambia asiende kazini.

Sasa tuje kwenye hesabu, kwa kuwa wengi hudhani ugomvi huu ni wa maneno tu. Gari liendalo kilomita 50 kwa saa, ambao ndio mwendo wa juu kabisa katika makazi ya watu, hukata mita 14 katika nukta moja ya saa. Likienda kilomita 80 hukata mita 22. Dereva hana budi kuona, kuelewa, na kuupeleka mguu kwenye breki, na hayo humchukua nukta nzima au zaidi hata akiwa mtu hodari. Ndiyo kusema gari limekwisha kupita urefu wa nyumba nzima kabla breki haijaanza kazi yake. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba mwendo ukipanda kutoka kilomita 50 hadi 65 kwa saa, hatari ya kufa kwa mtu wa miguu agongwaye na gari hupanda mara nne na nusu. Mwenye baiskeli hana bati la kumkinga zaidi ya yule wa miguu. Na lori kubwa halihitaji hata kumgusa. Upepo wake peke yake, likimpita karibu, wamvuta au wamsukuma hata akaanguka.

Na haraka hiyo yote yaleta faida gani? Katika safari ya kilomita tano, aendaye kilomita 60 kwa saa humtangulia aendaye 50 kwa dakika moja tu. Dakika hiyo huishia kituoni, konda akigombania abiria.

Dunia nzima hupoteza kiasi cha watu milioni 1 na laki 2 kila mwaka kwa ajali za barabarani, na zaidi ya nusu yao ni waendao kwa miguu, kwa baiskeli na kwa pikipiki. Hapa kwetu madaktari wa Bugando waliandika mwaka 2010 kwamba majeraha ya pikipiki yalikuwa yanageuka tatizo la afya ya umma katika jiji la Mwanza. Kila apandaye kilima kile kumtazama mgonjwa amepata kuwaona vijana wamelala na vyuma miguuni. Nyumbani, mke wa mgonjwa huuza kuku, kisha mbuzi, na mwisho huiuza ile baiskeli iliyopinda, kwa bei ya chuma chakavu. Watu huja kumpa pole wakisema ajali haina kinga. Sisi twakataa. Radi haina kinga. Dereva aliyempita mtu kwa nafasi ya kiganja cha mkono alikuwa na kinga mguuni pake.

Hatuwaungi mkono wapanda baiskeli katika kila jambo, wala hatutaki wafikiri kwamba unyonge ni utakatifu. Wako waendao usiku pasipo taa mbele wala kioo chekundu nyuma, wamevaa nguo nyeusi, kisha wakalaumu macho ya dereva. Wako wanaoshika nyuma ya lori wakati wa kupanda mlima ili wavutwe. Wako waendao watatu sambamba wakizungumza habari za ng'ombe kana kwamba wako uwanjani. Wako wapitao upande wa kulia, uso kwa uso na magari, wakidai kwamba hivyo wanaona vizuri. Baiskeli isiyo na breki ila kanyagio la kandambili juu ya tairi si chombo cha kuendea mjini. Mambo haya twayasema kwa uchungu, kwa maana gharama ya taa ndogo ni ndogo kuliko ya sanda. Lakini makosa ya watu hawa wawili hayana uzito mmoja. Mwenye baiskeli akikosa huhatarisha maisha yake. Dereva akikosa huhatarisha ya wengine. Mizani ya haki humdai zaidi aliye na chombo kizito.

Na tukiisha kusema hayo, tusiishie kwa dereva, maana dereva naye ni mfanyakazi. Wengi wa madereva wa daladala hawana mshahara wa kueleweka. Asubuhi hukabidhiwa gari, jioni humpelekea tajiri hesabu yake, na kiasi hicho hakipungui kwa mvua wala kwa foleni. Kinachobaki baada ya mafuta na hesabu ndicho ugali wa watoto wake na wa konda. Kijana wa bodaboda naye ana mkataba wake, alete fedha kila siku kwa miezi mingi ndipo pikipiki iwe mali yake, na akikosa siku chache hunyang'anywa. Mtu wa namna hiyo akimkuta mwenye baiskeli mbele yake hamwoni mtu, huona dakika zinazopotea. Mwezi wa Aprili na wa Mei 2015 madereva wa mabasi waligoma nchi nzima, na dai lao kubwa moja lilikuwa mikataba ya ajira. Abiria waliokwama vituoni walikasirika sana siku zile. Ni wachache waliotambua kwamba mikataba ile inamhusu pia yule wa baiskeli aendaye ukingoni mwa lami, kwa kuwa dereva mwenye mshahara wa mwezi hana sababu ya kumkimbiza mtu.

Basi tazameni jambo hili la ajabu: tajiri wa gari hayumo barabarani. Wanaotukanana pale Igoma ni maskini wawili, mmoja amepanda chuma cha mwenzake na mmoja amepanda chuma chake mwenyewe.

Hata bodaboda, ambayo sasa humtisha mwenye baiskeli kuliko basi, ni mtoto wa baiskeli. Jina hilo lilizaliwa Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, katika miaka ya 1960, vijana walipobeba abiria kwa baiskeli kutoka mpaka hadi mpaka. Shinyanga kwa jirani zetu, baiskeli ya abiria iliitwa daladala. Pikipiki zilipojaa nchini, kijana aliyekuwa akikanyaga jana akapewa injini leo, na kwa miezi michache akasahau jinsi honi inavyouma masikioni.

Wako wasemao kwamba baiskeli ni chombo cha zamani, na kwamba mji ukiendelea itatoweka yenyewe. Wangejua habari za Uholanzi wasingesema hivyo. Nchi ile, ambayo picha zake zote hutuonyesha baiskeli, ilikuwa katika ugomvi huu huu. Mwaka 1971 watu zaidi ya 3,000 walikufa katika barabara zake, na zaidi ya 400 kati yao walikuwa watoto. Wazazi wakatoka nje, wakakaa barabarani, wakadai watoto wao wasiendelee kuuawa. Serikali na miji ikaanza kutenga njia za baiskeli. Ile ni nchi tajiri kuliko yetu, na haikuona aibu kurudi kwenye baiskeli.

Hapa nyumbani mwanzo upo. Dar es Salaam, mabasi yaendayo haraka yalipoanza mwaka 2016, kando ya njia zake zilijengwa njia za baiskeli, ijapokuwa bodaboda na wafanyabiashara wamezifanya zao mahali pengi. Na daraja la Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, lililofunguliwa Juni 2025, lina njia za waendao kwa miguu. Zamani pale kivukoni mwenye baiskeli na mwenye basi walisubiri pantoni moja na kuvuka pamoja, wakinunua mahindi ya kuchoma kwa mama yule yule. Sasa kila mmoja huvuka bila kumsubiri mwenzake. Ni maendeleo makubwa, nasi twayafurahia, lakini lami iliyonyooka hualika mwendo, na wakuu wa usalama barabarani wa Misungwi na Sengerema yawapasa wawe macho.

Twarudi Igoma. Hatudai njia za Uholanzi. Mahali pengi kati ya Kisesa na mjini ukingo wa lami umemeguka, na kati ya lami na udongo pana ngazi ambayo gurudumu la baiskeli haliwezi kuipanda bila kuanguka. Ndiyo maana mwenye baiskeli haondoki lamini hata akipigiwa honi kumi: akishuka hawezi kurudi. Kushindiliwa kifusi kwenye kingo zile, ziwe sawa na lami kwa upana wa mita moja na nusu kila upande, si kazi ya kungoja mkopo kutoka ng'ambo. Wakala wa barabara waifanye kabla ya mvua za vuli, na halmashauri iwaondoe wanaopanga bidhaa na kuegesha bajaji juu yake, ikiwatafutia mahali pengine pa kuuzia. Askari wa barabarani nao, ambao huonekana sana wakikagua vibandiko vya vioo, wasimame siku moja kupima nafasi ambayo basi humwachia mwenye baiskeli. Na wenye magari twawangoja watuambie, hesabu ya siku ya mvua ni shilingi ngapi.