Mutufungulie mulango siku ya mazoezi

Mutu anayekuja kiwanjani paka siku ya mechi anaona goli, lakini haoni namna goli lilivyotengenezwa. Iko sawa mutu anayekula bukari kila siku na hajasimama hata mara moja karibu na mwiko. Anajua kusema "leo haikuiva", lakini ukimuuliza sababu, ananyamaza ao anatafuta mutu wa kumuwekea kosa.

Ndugu wasomaji, ninasema hivi juu tuko mu wakati ule timu zinaingia kambini kujitayarisha kwa musimu. Sisi watu wa Lubumbashi tunajua kupiga kelele. Hapo hakuna muji unaoweza kutufundisha kitu. Lakini kuangalia ni kazi ingine, na wengi wetu hatujaijua bado. Kwa hiyo ombi langu ni hili: timu zetu kubwa zitufungulie mulango wa mazoezi mara moja kwa posho, bila malipo, na watoto wawe wa kwanza kuingia. Na sisi wapenzi wa mupira tujifunze kukaa pale sawa watu wenye akili.

Nimeangalia mazoezi mara nyingi, yale vijana wanaitaka antrenema, na ninajua kitu gani mutu anapata pale.

Kwanza utashangaa juu ya kimya. Kiwanja cha TP Mazembe ku Kamalondo, kilichofunguliwa mwaka wa 2011, kiko na nafasi ya watu karibu 18 000. Siku ya mechi kubwa hausikii hata jirani yako. Siku ya mazoezi unasikia muguu ukigusa mupira. Unasikia kocha akiita mutu kwa jina. Unasikia wachezaji wakiambiana: "Mutu nyuma!", "Geuka!", "Uko peke yako!" Hapo njo unaelewa ya kama mupira unachezwa na mudomo pia, na ya kama beki mwenye kunyamaza anaweza kupoteza mechi hata kama miguu yake ni mizuri.

Kisha wanafanya duara. Wanane wako inje, wawili katikati wanafukuza mupira, na kila mutu ana ruhusa ya kugusa mara moja tu. Hiyo tunaitaka toro. Mugeni atafikiri ni muchezo wa kuchekesha, juu wachezaji wenyewe wanacheka. Lakini usiangalie mupira, angalia vichwa. Muchezaji mwenye akili, mbele mupira haujamufikia, amekwisha kuangalia kushoto na kuume. Yule mwingine anangojea mupira ufike, ndipo aanze kutafuta mwenzake. Siku ya mechi tunasema wa kwanza ana bahati na wa pili ana uzito. Kumbe tofauti yao ni ile nusu ya sekunde, na inaonekana wazi pale pa duara.

Upande mwingine wa kiwanja kuna magolikipa na kocha wao. Wanaanguka, wanasimama, wanaanguka tena, na hakuna anayewapigia mikono. Dunia nzima ilimuona Robert Kidiaba mu Abu Dhabi, mwezi wa 12 mwaka wa 2010, akirukaruka kwa matako yake wakati wenzake walipofunga goli. Tarehe 14 Mazembe ikashinda Internacional ya Brazil 2–0, kwa magoli ya Kabangu na Kaluyituka, na ikawa timu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la timu. Watu walicheka na ile dansi, wakaipenda. Wachache walijiuliza golikipa anaanguka mara ngapi chini mbele ya kufika siku ya kucheza dansi.

Kisha wanarudilia kona. Kona ileile, mara kumi, mara kumi na mbili. Kocha anasimamisha kila kitu, anamushika beki kwa mabega, anamusogeza hatua mbili. Hatua mbili tu! Wanaanza tena. Siku ya Mungu, zile hatua mbili njo zinaokoa goli, na sisi ku tribini tunasema: "Mungu ametusaidia." Mungu anasaidia, sikatai. Lakini ile kazi ilifanyika siku ya ine, wakati hatukuwa pale.

Tarehe 8 mwezi wa 11 mwaka wa 2015, fainali ya Ligi ya Mabingwa ilichezwa palepale ku Kamalondo, Mazembe na USM Alger. Ilikuwa dakika ya 75. Mbwana Samatta, mutoto wa Tanzania aliyefika kwetu mwaka wa 2011 akitoka Simba, aliweka mupira pa alama ya penalti. Alifunga. Mechi ikaisha 2–0 na kombe la tano likaingia Lubumbashi, nyuma ya yale ya 1967, 1968, 2009 na 2010. Penalti ile watu wanaikumbuka mpaka leo. Lakini penalti haifundishwi mu dakika ya 75, wakati muji wote umeshika roho. Inafundishwa siku isiyokuwa na kitu, jua likiwaka, mbele ya viti vitupu.

Sasa munaweza kuniuliza: hiyo yote inatusaidia nini sisi tusiocheza?

Inatusaidia hivi. Kwetu timu ikishinda, tunasema ni vijana wetu. Ikishindwa, tunasema ni fetisi, ao mwamuzi, ao kocha amekula makuta. Kila posho tuko na adui mupya. Na mutu hawezi kuacha tabia ile kwa kuhubiriwa. Anaiacha akiona kwa macho yake. Mutu aliyeona beki wa kushoto akichechemea siku ya ine, hawezi kuamini siku ya Mungu ya kama amelogwa. Aliyeona mushambuliaji akikosa goli kumi mu mazoezi, hatasema aliuza mechi akikosa moja. Sisemi waamuzi hawakosei, wala sisemi makuta hayaharibuke mupira. Ninasema tu: mutu mwenye kujua kazi anajua pia mahali kazi ilipoharibika, na hatamulaumu kila mutu bure.

Hapa kuna jambo kubwa kupita mupira. Mazembe na Lupopo ziko na umri mumoja. Zote zilizaliwa mwaka wa 1939. Moja ilianzishwa na mapadri Wabenedikto, ingine mpaka leo tunaiita ya Cheminots, watu wa reli. Siku ya derby yao, nyumba moja inaweza kugawanyika: baba na nyeusi na nyeupe, mutoto na buluu na manjano. Hiyo ni utamu wa muji wetu. Lakini tunajua pia namna siku zingine zinavyoisha: mawe, taksi-basi zenye vioo vya kupasuka, mama anayetafuta mutoto wake mu umati. Mawe yale yanarushwa na nani? Yanarushwa na watu wanaofikiri wameibiwa. Na mutu ambaye hajaona kazi ya ile timu ingine, ni rahisi kwake kufikiri ya kama imeiba.

Ninawaza watoto zaidi. Mutoto wa Katuba ao wa Kenya anawaza mupira ni kipaji, viatu vya rangi na picha mu telefone. Baba yake hana kila mara makuta ya tiketi, basi anasikiliza mechi inje ya ukuta. Watoto wachache sana wanapata nafasi mu vyuo vya mupira. Wengine wote wanajifunza paka kwa macho. Sasa mumupeleke mutoto yule siku ya mazoezi. Ataona muchezaji mwenye jina kubwa akirudilia pasi ya metre tano, ileile, mara mia. Ataona kapiteni anafika mbele ya wengine. Ataona kijana mwenye kipaji akitumwa kukimbia peke yake kando ya kiwanja juu alichelewa. Hakuna hotuba ya mwalimu wala ya mzazi inayoweza kusema vile kwa nguvu namna ile.

Na mabinti pia. Mwaka wa 2024 timu ya wanawake ya TP Mazembe ilichukua Ligi ya Mabingwa ya Afrika mu Maroko, ikishinda AS FAR, wenye nyumba, 1–0. Tulifurahi siku moja, kisha tukarudi kwa mazungumuzo yetu ya wanaume. Wangapi kati yetu wanajua mabinti wale wanafanya mazoezi saa ngapi? Binti wa miaka kumi akiketi pale saa moja tu, anaweza kurudi nyumbani na wazo ambalo hakuna mutu alikuwa amemupa.

Ninajua majibu ya wakubwa wa timu. Jibu la kwanza ni wapelelezi: adui atatuma mutu na telefone, atapiga picha za kona zetu. Ni kweli, na ndiyo sababu kufunga milango kumekuwa desturi hata mbali. Bayern München, mu Ujerumani, kwa miaka mingi waliachaka watu kuingia kuangalia mazoezi yao. Leo wanafungua siku chache tu. Lakini wanafungua. Mambo ya siri yako na siku zake: siku mbili mbele ya mechi, mufunge, hakuna atakayelia. Siku za kwanza za kambi, wakati watu wanakimbia, wanafanya toro na kutafuta pumuzi, siri iko wapi? Na mechi zenyewe zinaonyeshwa mu televizyo. Adui ameishaona.

Jibu la pili linaniumiza zaidi, juu ni la kweli kabisa: mashabiki wanakujaka mazoezini kutukana. Hilo nimelisikia kwa masikio yangu. Muchezaji anakosa pasi moja, na mutu anapiga kelele: "We, rudi kwenu! Unakula makuta ya bure!" Wenzake wanacheka.

Ndugu zangu, tuelewane hapa. Kambini kila mara kuna vijana wanaojaribiwa. Hawana jina mugongoni, wamevaa vizibao vya rangi tu. Mumoja ametoka Kolwezi, mwingine Kalemie, mwingine amevuka mupaka. Wako na siku chache za kuonyesha yale waliyoyatafuta tangu utoto. Akikosa mupira mara moja na watu mia wakimucheka, miguu inaanza kutetemeka, anakosa wa pili, na kocha ameandika tayari. Anarudi kwao bila mukataba. Tumemufukuza sisi, na hatutajua hata jina lake. Siku ya mechi, muchezaji amejitayarisha kwa kelele zetu. Ni sehemu ya kazi yake. Siku ya mazoezi yuko sawa mwanafunzi anayeandika ubaoni. Nani anamuzomea mwanafunzi?

Kwa hiyo mulango ukifunguliwa, uwe na sheria. Tribini moja tu ifunguliwe, si zote. Saa moja ao saa moja na nusu. Hakuna kurusha kitu, hakuna kuingia mu kiwanja kutafuta picha. Mutu akitukana, anatoka, na harudi mwezi muzima. Na wa kumutoa si askari wa polisi. Tuwe sisi wenyewe. Wale Cent pour Cent wanajua kupanga watu maelfu siku ya mechi, wanajua kuimba dakika 90 bila kuchoka. Hawawezi kushindwa kunyamazisha watu mia tatu. Na ku Lupopo pia wako na wazee wanaosikilizwa. Wazee wale waketi katikati ya vijana, wawaonyeshe cha kuangalia. Mzee aliyeona timu ya 1967 ikichukua kombe la Afrika ni kitabu. Mumuweke pale kabla hatujafunga kitabu chenyewe.

Faida kwa timu iko pia. Mutoto anayekuja leo bure atanunua tiketi kesho, juu ameishajua wachezaji kwa majina na kwa kazi yao. Shabiki aliyeona kocha akitengeneza kitu kwa mwezi mmoja atakuwa na uvumilivu nyuma ya mechi mbili mbaya. Na pale inje pa mulango, mama wa karanga na wa maji ya mufuko atauza kidogo, siku ambayo kwa kawaida hauzi kitu.

Wakubwa wa timu, hatuombi tiketi ya fainali wala kukaa karibu nanyi ku viti vya heshima. Tunaomba muchague siku moja, siku ya pili kwa mufano, kuanzia saa tisa ya muchana, mambo ya siri yakiwa hayajaanza. Mujaribu mwezi mmoja wa kambi. Tukiharibu, mufunge, na hatutakuwa na neno la kusema. Tukikaa vizuri, muendelee musimu wote. Na nyinyi wazazi mukisikia mulango umefunguliwa, musingojee mutoto awaombe. Mumushike mukono, mufike mapema, mukae chini, na mumuambie aangalie vichwa vya wachezaji mbele ya kuangalia mupira.