Anayetulia Juu ya Tumbawe Ndiye wa Kushushwa Dania

Mtu anayetaka kupiga mbizi kwa mtungi wa hewa katika pwani ya Afrika Mashariki huwekewa mbele yake mambo mawili ambayo huelezwa kana kwamba ni darasa la chini na darasa la juu: mwamba wa matumbawe, ulio karibu na ufuo, wenye kina kidogo na maji yaliyotulia, na meli iliyozama nje ya mwamba huo, katika bahari ya wazi yenye mkondo na mwanga hafifu. Biashara ya utalii imeufanya mwamba kuwa mahali pa wanaoanza na meli kuwa tuzo ya waliobobea, hata mgeni aliyepata cheti chake juzi huona haya kusema kwamba angependa kurudi mwambani. Msimamo wa safu hii ni kwamba mpangilio huo unaficha jambo la msingi kuliko yote, nalo ni kwamba kosa lile lile la mwili hutendwa katika sehemu zote mbili, ila mwambani gharama yake hulipwa na matumbawe, na ndani ya meli hulipwa na mpiga mbizi mwenyewe.

Mwamba wa matumbawe ni jengo la chokaa linalojengwa na wanyama wadogo mno waishio kwa makundi, ambao ndani ya miili yao hukaa mwani usioonekana kwa macho, unaotumia mwanga wa jua kutengeneza sehemu kubwa ya chakula chao. Kwa sababu hiyo matumbawe hustawi pale jua linapofika, na mpiga mbizi huyakuta karibu na uso wa maji. Katika hifadhi za bahari za Malindi na Watamu, zilizotangazwa mwaka 1968, au Kisite iliyo mkabala na Shimoni, mtu hushuka mita 8 au 12 na kuwatazama pono wakiguguna mwamba na kasa wakipita, na majedwali ya mbizi yanayotumika sana humruhusu aliye kwenye mita 12 kubaki huko zaidi ya saa mbili bila kulazimika kusimama njiani anapopanda, muda ambao hewa ya mtungi wa kawaida haiwezi kuufikia. Hewa yake itapungua, atapanda polepole, na juu atakuta mashua na ufuo unaoonekana.

Wepesi huo, hata hivyo, ni wepesi kwa mtu, si kwa mwamba. Mpiga mbizi hukaa majini kwa mizania, yaani hali ya kutopanda wala kuzama, ambayo hupatikana pale vipande vya risasi vilivyofungwa kiunoni, hewa iliyomo katika jaketi la kuelea na pumzi ya mapafu vinapolingana. Asiyeijua mizania hupiga mapezi ovyo ili asizame, hushika chochote kilicho karibu, na hukaa wima kama aliyesimama, miguu yake ikikwangua kilicho chini. Tumbawe la matawi huvunjika kwa teke moja, na tumbawe la mviringo, ambalo aghalabu hukua kwa takriban sentimita 1 tu kwa mwaka, likifikia kimo cha mtu linaweza kuwa limepita umri wa karne moja. Ukumbukwe pia mwaka 1998, wakati joto la bahari lilipoyapausha matumbawe ya pwani hii na kuyaua mengi, kiasi kwamba kila lililosalia au lililoota upya linastahili kuhesabiwa kama akiba. Kisiwani Chumbe, Zanzibar, ambako mwamba umehifadhiwa tangu mwaka 1994, wageni huruhusiwa kuogelea juu yake kwa miwani na mrija, wala hawaruhusiwi kushuka na mitungi, na uamuzi huo unapaswa kuwafikirisha wote wanaouita mwamba uwanja wa mazoezi.

Upande wa pili wa uchaguzi huu una mfano mzuri Mombasa. MV Dania ilikuwa meli ya kubebea mifugo hai, na mwaka 2002, baada ya kumaliza utumishi wake na kusafishwa, ilizamishwa kwa makusudi nje ya mwamba wa pwani ya kaskazini ya mji huo ili iwe makao ya samaki na kivutio cha wapiga mbizi, nayo iko juu ya mchanga katika kina cha karibu mita 30. Kina hicho kinahitaji kuelezwa kwa hesabu, kwa kuwa neno "mita 30" husemwa kwa wepesi mno mashuani. Kila mita 10 za maji ya bahari huongeza mkandamizo ulio sawa na ule wa hewa yote iliyo juu ya bahari, hivyo mtu aliye kwenye mita 30 hukandamizwa mara nne ya aliye ufuoni, na kila pumzi yake huchota hewa mara nne kutoka mtungini. Mtungi unaomtosha saa nzima kwenye mita 10 humtosha nusu saa tu huko. Naitrojeni, ambayo ni sehemu kubwa ya hewa, hupenya damuni na katika minofu kwa wingi zaidi kadiri mkandamizo unavyoongezeka, nayo ikianza kutoka kwa ghafla wakati mtu anapanda upesi huunda mapovu yanayoweza kumlemaza au kumuua, na ndiyo maana yale yale majedwali yanayotoa zaidi ya saa mbili kwenye mita 12 hutoa dakika 20 tu kwenye mita 30. Zaidi ya hayo, naitrojeni hulevya: kuanzia kina hicho akili ya mtu huzubaa, naye huweza kuitazama saa yake ya hewa asielewe inachomwambia, huku akijiona yu mzima na mwenye furaha.

Kwa aliyejiandaa, Dania ina thawabu kubwa ambayo mwamba hauwezi kuitoa, kwani mtu hushuka kwa kufuata kamba ya boya katika buluu isiyo na chini wala kando, mpaka umbo la meli nzima linapojitokeza kwa mara moja, mabati yake yakiwa yameota viumbe na chewa wakubwa wakiwa wamejitwalia vyumba vilivyokuwa vya mifugo. Tamaa ya kuingia humo ndani inaeleweka, lakini ndani ya meli kanuni kuu ya usalama, ile ya kupanda moja kwa moja pindi jambo linapoharibika, imekwisha kufutwa na dari la chuma. Wanaoingia huongozwa na kanuni ya theluthi, ambayo humtaka mtu atumie theluthi moja ya hewa yake kuingia, theluthi ya pili kutoka, na ya tatu aihifadhi kwa dharura, tena aende akitandaza kamba nyembamba ya kumrudisha mlangoni. Kamba hiyo ina sababu yake: sakafu za meli zilizozama hufunikwa na tope laini, na teke moja la pezi hulitimua likaujaza ukumbi mzima, kurunzi isifae kitu na mlango ulio hatua tatu usionekane. Meli ya Spiegel Grove, ambayo nayo ilizamishwa kwa makusudi mwaka 2002, huko Key Largo katika jimbo la Florida nchini Marekani, ilitayarishwa mahususi kwa ajili ya wapiga mbizi, na bado mwaka 2007 watu watatu walifia ndani yake.

Hapo ndipo mwamba na meli vinapokutana, kwa maana teke linalolitimua tope ndilo linalovunja tumbawe, na mkono unaotafuta pa kushika ndani ya meli ndio uliokwisha kuzoea kushika mwamba. Mizania haifundishiki kwenye mita 30, ambako dakika ni chache na akili imezubaa. Hufundishwa kwenye mita 6, juu ya mchanga mweupe ulio kando ya matumbawe, mara nyingi na kwa subira.

Isidhaniwe kwamba kila meli iliyozama ni ngumu. Great Northern, meli ya kutandaza nyaya za telegrafu iliyopotelea karibu na Unguja mwishoni mwa mwaka 1902, iko kwenye mita 12 hivi na imevaa matumbawe kiasi kwamba kuizuru ni kuzuru mwamba. Wala zote si za kuchezewa: manowari ya Kiingereza Pegasus, iliyoshambuliwa na manowari ya Kijerumani Königsberg katika bandari ya Zanzibar alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914, ina mabaharia wake waliolazwa katika makaburi ya kisiwa cha Chapwani, na anayeyakaribia mabaki ya aina hiyo anapaswa kujua kwamba watu walifia pale.

Msimu nao una kauli yake. Kusi linapovuma kwa nguvu, mawimbi ya nje ya mwamba huwachosha watu kabla hawajavaa mitungi, na maji ya bamvua huuongeza kasi mkondo. Siku za maji mafu, kaskazi ikiwa imetulia, ndizo za Dania. Uamuzi kama huo hufanywa ufukweni, na anayestahili kuufanya ni kiongozi wa mbizi, ambaye mara nyingi ni kijana wa Bamburi, Shimoni au Nungwi anayeijua bahari yake kuliko cheti chochote kinavyoweza kueleza, lakini ambaye ni mnyonge mbele ya mgeni aliyelipa na tajiri anayetaka mashua ijae. Panapokuwa na desturi ya kumlipa kiongozi kwa idadi ya wageni anaoshuka nao, kila "hapana" yake humpunguzia riziki, na si haki kumtaka mtu ailinde roho ya mwenziwe kwa kuwanyima wanawe chakula.

Kwa hiyo vituo vya mbizi vya pwani hii vingefanya vyema kukubaliana juu ya mambo mawili yasiyohitaji fedha nyingi. La kwanza ni kwamba hakuna mgeni wa kupelekwa kwenye meli ya kina, vyovyote kiwavyo cheti chake, kabla hajashuka mbizi moja na kiongozi yule yule kando ya mwamba na kutulia hapo dakika tano, mwili ukiwa umelala usawa, mikono imekunjwa kifuani, bila kugusa chochote. Asiyeweza arudie siku ya pili kwa ada ile ile ya mwambani. La pili ni kwamba kiongozi aliyemzuia mgeni asishuke alipwe ujira wake wa siku hiyo kamili, kama vile ameshuka naye.