Tuipande Uluguru kwa Baiskeli

Muhula uliopita wasichana wa Kidato cha Nne walikwenda Mikumi kutazama wanyama. Walikwenda kwa basi la kukodi, wakaondoka alfajiri, wakarudi magharibi wakiimba. Mimi sikwenda. Mchango wa safari ulikuwa mkubwa kuliko mfuko wa baba, nasi tuliobaki bwenini, zaidi ya ishirini, tulifua mashuka na kupiga soga hata jioni. Sisemi haya ili nionewe huruma, wala siilaumu shule, maana basi haliendi kwa maneno matupu. Nasema kwa sababu siku ile, nikiwa nimeketi nyuma ya bweni na ndoo yangu, niliinua macho nikauona mlima Lupanga umejifunika ukungu kichwani, nikajiuliza: miaka minne nimelala chini ya milima hii, je, nimepata kufika juu yake hata mara moja? Sikuwa nimefika.

Basi rai yangu ni hii. Shule yetu na ianzishe safari ya baiskeli katika milima ya Uluguru, kila mwaka, wakati wa likizo ya mwezi wa sita, na ile sheria inayotukataza wanafunzi wa bweni kuleta baiskeli shuleni ilegezwe kidogo. Najua wapo watakaocheka. Nawaomba wasome kwanza, wacheke baadaye.

Katika Jiografia twasoma habari za milima ya Alps. Kila mmoja wetu aweza kuchora bonde la Uswisi lililochimbwa na barafu, lenye umbo la herufi U, na kueleza jinsi mto Rhône utokavyo katika barafu ukashuka mpaka ziwa la Geneva. Ni elimu njema, sitaki ifutwe. Lakini jioni moja niliwauliza wenzangu kumi mezani, mto Mgeta watoka wapi na waenda wapi? Wawili tu walijibu sawasawa. Mmoja alisema Mgeta ni jina la kabichi. Na katika hao kumi, sita kwao ni Dar es Salaam! Tangu utotoni wamekuwa wakinywa maji ya mto Ruvu, na Ruvu ni mtoto wa Uluguru. Mgeta huingia Ruvu, na Ngerengere upitao hapa kwetu nao huingia Ruvu, kisha maji hushuka hata baharini karibu na Bagamoyo, baada ya mji mkubwa kuchota haja yake njiani. Mtu anywaye maji ya mlima miaka kumi na saba bila kuujua mlima wenyewe, hakika yuko kama mgeni alaye chakula bila kumwamkia mwenye nyumba.

Sasa niwaeleze safari yangu, maana nisingethubutu kuandika rai hii kama sikujaribu kwanza mwenyewe.

Mwezi wa sita, shule ilipofungwa, nilimwomba kaka yangu aniazime baiskeli yake, Phoenix nyeusi isiyo na gia hata moja. Yeye akaazima nyingine kwa jirani, akakubali kunisindikiza hata Nyandira, kwa mjomba wetu. Mama alisema mjomba atacheka mpaka adondoke. Baba hakusema neno, ila alitoka nje akazijaribu breki zote mbili, akarudi ndani. Tulichukua pampu, viraka, gundi ya mpira, spana moja, mihogo ya kuchemsha na sweta mbili. Sweta hizo nilizibeba kwa kulazimishwa, nami baadaye nikamshukuru aliyenilazimisha.

Tulianza saa kumi na mbili asubuhi, tukashika njia kuu ya Iringa. Sehemu hii siipendi wala sitaisifu. Malori yaendayo Zambia hupita kwa kishindo, na upepo wake humsukuma mtu mpaka majanini. Tulipita bwawa la Mindu, ambalo maji yake hunywewa mjini Morogoro, tukawaona wavuvi ndani ya mitumbwi. Nimepita pale kwa basi mara nyingi, na kila mara nililiona bwawa kwa muda wa kupepesa macho. Safari hii nililitazama mpaka shingo ikauma, karibu nianguke. Pale Sangasanga tuliiacha njia ya malori, tukashika ya Mlali, na hapo ndipo safari ya kweli ilipoanza.

Kusema kweli, kutoka Mlali kwenda juu sikupanda mlima kwa baiskeli. Niliipandisha baiskeli mlimani. Njia yapinda na kupinda, na kila ukidhani umefika kileleni, waona njia nyingine juu ya kichwa chako. Mzee mmoja aliyekuwa akishuka na mzigo wa kuni alisimama akatutazama, tukamwamkia, akaitikia, kisha akasema, "Wajukuu zangu, leo baiskeli imewapanda ninyi." Tukacheka wote, naye akatuonyesha mahali penye chemchemi. Vijana wa bodaboda walitupita na magunia ya kabichi nyuma, wakatupigia honi. Hatukuona haya, au tuseme niliona haya kidogo mara mbili za kwanza, basi.

Lakini wasomaji, faida ya kwenda polepole ni hii. Chini tuliacha mahindi yaliyokwisha kuvunwa na migomba na joto la kutoa jasho. Baada ya saa mbili migomba ilipungua. Baada ya saa nyingine nikaona njegere, halafu viazi mviringo, halafu karoti na kabichi ubavuni mwa mlima, mahali ambapo mimi nisingethubutu hata kusimama bila kushika kitu. Darasani nimekariri kwamba ukipanda mita 1,000 joto hupungua nyuzi sita hivi. Nimeandika hivyo katika mitihani, nikapewa alama zangu. Siku ile niliijua habari hiyo kwa ngozi, maana mji wa Morogoro uko kama mita 500 juu ya bahari na Nyandira iko zaidi ya mita 1,500. Saa kumi na moja jioni nilikuwa nimevaa sweta, nikatamani na ya kaka pia.

Mjomba alikuwa amekaa kizingitini. "Shikamoo mjomba." "Marahaba mpwa wangu. Umekuja na gari gani?" Nikamwonyesha. Hakucheka, tofauti na alivyosema mama. Aliigusa baiskeli matairi, akaita watu waje waone mtoto wa dada yake aliyetoka mjini kwa miguu yake na magurudumu mawili. Tulipewa uji wa moto na maziwa ya mbuzi. Mbuzi wale asili yao ni Norwe, waliletwa Mgeta miaka ya 1980 na Chuo Kikuu cha Sokoine, na kwa kuwa kule juu ni baridi, wamestawi.

Asubuhi mjomba alinitembeza shambani, na hapo nilijifunza jambo ambalo sikulitazamia. Mimi kwa mama ni Mluguru, na Waluguru huhesabu ukoo upande wa mama. Haya niliyajua kama mtu ajuavyo habari za vitabuni. Mjomba alinyosha kidole akasema kuwa kutoka mti ule hata kijito kile ni ardhi ya ukoo, ya bibi yangu mzaa mama na ya bibi yake kabla yake, nami kama mtoto wa dada yake ni mtu wa ardhi ile kuliko watoto wake mwenyewe, ambao ni wa ukoo wa mama yao. Sikuwa na la kujibu. Nilitazama viatu vyangu vya shule juu ya udongo ule mwekundu, nikaona aibu kwamba nilifika nikiwa na umri wa miaka kumi na saba.

Akanionyesha pia matuta ya ngazi yaliyokatwa ubavuni mwa mlima. Hapo nilimuuliza habari za mwaka 1955. Wasomaji wengi hawazijui, nami nazitaja kwa sababu ni za hapa kwetu. Serikali ya Mwingereza, katika miaka ya 1950, ililazimisha watu wa Uluguru kukata matuta ili udongo usichukuliwe na mvua. Lengo lilikuwa zuri kwa maneno. Lakini upande wa mashariki, huko Matombo, ambako mvua ni nyingi kuliko upande huu, watu walisema kazi ile ni ya kuwachosha bure, na kwamba kukata ngazi huleta juu udongo usio na rutuba. Mwezi wa Julai mwaka 1955 walikataa kwa nguvu, polisi wakaletwa, mtu mmoja akauawa kwa risasi, na mpango wenyewe ukafa. Ajabu ni kwamba upande wa Mgeta matuta yamo hata leo, maana mboga hupenda ngazi na maji ya mifereji. Mjomba alieleza kwa kifupi tu: "Huku ngazi zinalipa, kule hazikulipa." Sijapata kusikia somo la Jiografia na la Historia yakifundishwa pamoja kwa maneno machache hivi.

Sasa nije kwenye hatari, maana mzazi asomaye haya amekwisha kuanza kutikisa kichwa. Hatari ipo, nami nitaisema yangu. Siku ya kurudi niliteremka na gunia dogo la viazi nyuma, zawadi ya mjomba kwa mama. Nilibana breki kwa muda mrefu bila kupumzika, mipira yake ikapata moto nikasikia harufu ya kuungua, na katika kona moja breki ya nyuma ikagoma kabisa. Niliielekeza baiskeli kwenye ukingo wa udongo upande wa mlima, si upande wa bonde, nikaanguka. Nilichubuka goti na kiwiko, na viazi vikatawanyika njiani. Kaka alinigombeza, kisha akasaidia kuokota. Kosa lilikuwa langu. Mtu ateremkaye mlima hubana na kuachia, na husimama kila baada ya mwendo mfupi ili chuma kipoe, na mzigo hauchukui katika mteremko wa kwanza maishani mwake. Lakini haya yafundishika. Mwalimu aweza kuyafundisha kwa siku moja katika uwanja wa shule na kile kilima kidogo cha nyuma ya jiko.

Wako pia wasemao kuwa baiskeli si ya msichana. Hao sitawajibu kwa maneno mengi. Wanawake wa Nyandira hushuka na kupanda njia ile wakiwa na mizigo kichwani, na wasichana wadogo huchota maji katika miteremko ambayo mimi niliitambaa kwa mikono. Kama miguu ya msichana yafaa kupanda na ndoo, sioni kwa nini isifae kukanyaga pedali.

Na wako wasemao baiskeli ni chombo cha maskini. Hawa nawapeleka Uswisi, nchi wanayoisifu. Tangu mwaka 1998 nchi ile ina njia za baiskeli za taifa zima, zenye namba na mabango, watu wazima wenye magari yao huacha magari nyumbani wakafuata mabango hayo kwa raha zao. Njia namba moja huanzia Andermatt, yapanda mlima wa Furka wenye mita 2,429, kisha yafuata bonde la Rhône mpaka Geneva. Kilele chetu cha Kimhandu kinapita mita 2,600. Mandhari tunayo. Mabango hatuna, lakini tunao wazee wa kuni wa kutuonyesha chemchemi.

Ninayoomba si makubwa. Wasichana kumi na wawili wa Kidato cha Tatu, walimu wawili, na gari moja la kubeba mizigo likitangulia. Sehemu ya malori ivukwe kwa gari hilo, baiskeli juu, mpaka Sangasanga, sitaki mtu apite nilipopita mimi. Walale usiku mbili Nyandira, kwa kuwa shule za huko huwa tupu wakati wa likizo, na mwalimu mkuu mmoja akiombwa na mwenzake sidhani atakataa. Mimi na kaka tulitumia shilingi elfu tisa kwa siku tatu, na katika hizo elfu mbili ni kiraka na breki. Hakuna msichana atakayebaki bwenini akifua mashuka kwa sababu ya elfu tisa, au kama yupo, darasa zima laweza kumchangia bila kusikia uchungu.

Baiskeli zenyewe zitatoka wapi? Ziko majumbani kwenu, wazazi, zimeegemezwa nyuma ya mabanda ya kuku tangu bodaboda zilipoingia. Mwalimu wetu wa Jiografia nilimwonyesha karatasi hii kabla ya kuileta kwa mhariri. Alisoma mpaka mwisho, akauliza kama Phoenix ya kaka ina kengele.

Mimi mwezi wa Novemba namaliza mitihani, sitakuwapo. Baiskeli nimemwambia kaka naye amekubali kuiazima. Mipira ya breki ni mipya. Tairi la nyuma lataka kubadilishwa.

Mwanafunzi wa Kidato cha IV B