Kabla ya kuileta bahari Tabora, mjasiriamali aanze na Ziwa Tanganyika

Tangi la kioo lenye samaki wa bahari ni pambo linalovuta macho. Mwenye hoteli, saluni au duka akiliweka karibu na mlango, mteja husimama kutazama, na mteja aliyesimama ana nafasi kubwa ya kununua. Si ajabu basi mfanyabiashara wa Tabora naye akatamani kuwa nalo, dukani au sebuleni kwake. Kutamani si kosa. Hatari ipo katika kuingiza mtaji kabla ya kupiga hesabu.

Tabora iko zaidi ya kilomita 800 kwa reli kutoka Dar es Salaam. Enzi za misafara, wapagazi wa Kinyamwezi walitembea kwa miezi kati ya Bagamoyo, Unyanyembe na Ujiji. Mizigo ya bahari waliyobeba ilikuwa ile isiyooza, kama kauri. Samaki hai ni mzigo wa aina nyingine kabisa, na maji yake ni mzigo mzito kuliko samaki mwenyewe.

Hesabu yenyewe ni hii. Tangi la lita 200, ambalo kwa maji chumvi ni la wastani, linahitaji madumu 10 ya lita 20. Baada ya hapo, kila wiki mbili sehemu ya maji hayo, kati ya asilimia 10 na 20, hutakiwa kubadilishwa. Hayo ni dumu moja hadi mawili ya maji ya bahari kila mara, mwaka mzima. Nauli yake peke yake inatosha kumkatisha tamaa mtu.

Wapo watakaosema chumvi ipo jirani. Ni kweli, Uvinza iko kwenye njia ile ile ya misafara, na chumvi yake iliuzwa mbali hata kabla ya ukoloni. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi, hivyo lita 200 zingehitaji kilo saba tu. Lakini chumvi ya mezani siyo bahari. Bahari ina pia magnesi, kalisi, potasi na madini mengine ambayo samaki wake, na hasa matumbawe, hawawezi kuishi bila hayo. Anayetaka tangi la maji chumvi mbali na pwani hana budi kununua chumvi maalumu iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, pamoja na kipimo cha kupimia ukali wake. Vyote hivyo mara nyingi huagizwa kutoka nje.

Kikwazo cha pili kinawahusu wote, wa maji chumvi na wa maji baridi. Samaki hutoa amonia kwenye kinyesi na kupitia matamvua, na amonia ni sumu. Bakteria wazuri huigeuza kuwa nitraiti, ambayo nayo ni sumu, kisha kuwa nitreti, yenye madhara madogo zaidi. Bakteria hao huchukua wiki nne hadi sita kuongezeka katika tangi jipya. Mkulima anaelewa jambo hili kuliko mtu wa mjini: samadi mbichi huunguza mche, iliyooza huustawisha. Anayenunua tangi Jumamosi na kumwaga samaki kumi Jumapili hujikuta akiwazika kabla mwezi haujaisha. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka.

Kikwazo cha tatu ni umeme na baridi. Samaki wa bahari za joto hutaka nyuzi 24 hadi 27 za Selsiasi usiku na mchana, wakati usiku wa Juni na Julai Tabora hushuka chini kabisa ya hapo. Kwa hiyo kipasha joto kinahitajika. Umeme ukikatika kwa saa nyingi, pampu husimama na hewa huisha majini. Bila pampu ndogo ya betri, mtaji wote unaweza kupotea kwa usiku mmoja.

Je, mjasiriamali aachane na wazo hilo? La hasha. Ageuke upande wa pili wa reli. Karibu kilomita 400 magharibi ya Tabora liko Ziwa Tanganyika, la pili duniani kwa kina, likifika takriban mita 1,470. Lina aina zaidi ya 200 za samaki wa ukoo mmoja na perege na sato, na karibu zote hazipatikani kwingineko duniani. Wafugaji wa Ulaya, Marekani na Asia wanawathamini kama samaki wa bahari kwa rangi zao. Wengine huishi na kutaga ndani ya makombe matupu ya konokono, na tangi la lita 60 linawatosha. Wengine, kama wale wa jenasi Tropheus, hubeba mayai na watoto mdomoni.

Maji yao si ya chumvi, ila ni magumu na yana ukali wa magadi. Maji ya Ziwa Victoria, ambayo sasa yamefikishwa Tabora kwa bomba, ni laini zaidi. Dawa yake haiko mbali: mawe ya chokaa au magamba ya konokono yaliyosagwa, kama yale yanayochanganywa kwenye chakula cha kuku wa mayai, huyaongezea ugumu taratibu. Maji ya bomba yenye klorini yatiwe dawa ya kuiondoa, au yaachwe kwenye ndoo wazi kwa siku moja au mbili. Maji yaliyotolewa tangini yanaweza kumwagiliwa mchicha, jambo ambalo mwenye maji chumvi asithubutu kulifanya.

Hapa ndipo penye hoja kubwa. Samaki wengi wa Tanganyika wanaouzwa katika maduka ya ng'ambo leo huzalishwa huko huko, katika matangi ya watu ambao hawajawahi kufika Kigoma. Mali imetoka kwetu, ufundi na faida vimebaki kwao. Mwananchi anayejifunza kuwazalisha nyumbani hujipatia ujuzi ambao unaweza kuwa biashara, na hupunguza haja ya kuwavua ziwani bila kikomo.

Lakini biashara hiyo ina sheria. Anayetaka kuvua, kuuza au kusafirisha samaki wa mapambo aonane kwanza na ofisa uvuvi wa wilaya kuhusu leseni, kwa mujibu wa Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003. Matumbawe magumu nayo yako chini ya mkataba wa kimataifa wa CITES, hivyo asiyachukue kiholela. Na samaki aliyechokwa asitupwe katika bwawa la Igombe wala mto wowote. Sangara aliyepandikizwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 na 1960 alichangia kutoweka kwa aina nyingi za furu, na hasara hiyo haijarudishwa.

Maofisa ugani nao wana wajibu. Wanapofundisha ufugaji wa sato na kambale kwenye mabwawa, waongeze somo la samaki wa mapambo kwa vijana. Mtaji wa kuanzia uwe tangi moja dogo, mwezi mmoja wa subira na samaki wachache. Anayeweza kuwatunza hao mwaka mzima bila vifo vya ovyo ndiye aliye tayari kufikiria bahari.