KEMIA IMO NDANI YA KARAI

Kabla hujakimbilia ukurasa wa vitendawili, hebu nipe dakika tano tu. Nina neno moja la kusema, nalo ni hili: wengi wetu tunaanguka Kemia, hasa ile mada ya mimenyuko ndani ya maji, kwa sababu tunaikariri kama kasuku, ilhali mambo yenyewe tunayafanya nyumbani kila uchao na kuyazungumza kwa Kiswahili.

Acha nianze na aibu yangu mwenyewe. Muhula uliopita tuliulizwa katika mtihani jinsi kaboneti ya sodiamu inavyolainisha maji magumu, na tuandike mlinganyo wa ioni. Mimi nilikuwa nimekesha nikikariri milinganyo. Nilipoona swali nikaimwaga yote kwenye karatasi kama mahindi ya gunia lililotoboka. Nilipata alama 1 kati ya 4. Mwalimu aliandika kwa wino mwekundu: "Umeelewa?" Waama, sikuwa nimeelewa.

Jioni hiyo nilifika nyumbani kwa miguu nikiwa nimenuna, nikamkuta mama kwenye karai. Mama yangu huwafulia watu nguo mtaani, na maji yetu ni ya kisima kirefu. Maji yale jamani! Ukisugua sabuni, povu hulioni. Badala yake unaelea utandu wa kijivu unaong'ang'ania shati jeupe la mwenyewe. Mche wa sabuni unaisha kabla ya nguo, na faida yote inakwenda na maji.

Basi nikamwona mama akichota kijiko cha magadi, akatia ndani ya ndoo, akakoroga, akaacha. Maji yakafanya ukungu mweupe, na ule ukungu ukatua chini polepole. Akamimina yale maji ya juu karaini, akasugua sabuni. Lo! Povu likafura.

"Mama, nani alikufunza haya?" nikamuuliza.

"Si nyanya yako! Kwani huko shuleni mnafunzwa nini?"

Nilinyamaza kama maji ya mtungini. Lile swali la alama 4 lilikuwa limejibiwa mbele ya macho yangu, kwenye ndoo.

Sasa tazama, msomaji. Maji yanapopita kwenye miamba chini ya ardhi hubeba ioni za kalsiamu na magnesiamu. Sabuni ikikutana nazo hushikamana nazo na kuwa ule utandu, kwa hivyo inabidi utumie sabuni nyingi kuzimaliza kwanza, ndipo upate povu. Magadi, yale yanayotoka Ziwa Magadi kule Kajiado, yana kaboneti na baikaboneti ya sodiamu. Ukiyatia majini, ioni za kaboneti zinawahi kuishika kalsiamu kabla ya sabuni. Zikishikana, huwa kaboneti ya kalsiamu, nayo haiyeyuki majini. Itafanya nini basi? Itatua chini kama mashapo meupe. Sodiamu inabaki ikielea, na hiyo haina ugomvi na sabuni. Ndiyo mlinganyo wenyewe huo! (Ila maji hayo ni ya kufulia, si ya kunywa.)

Na siri ya mada nzima ni hiyo hiyo. Chumvi ikiwa kavu, ioni zake zimefungamana kama wanafunzi kwenye paredi. Hakuna wa kutoka. Ikiyeyuka majini, paredi inavunjika na kila mmoja anatembea kivyake. Ukichanganya myeyusho miwili, uliza swali moja tu: nani akikutana na nani watashindwa kuendelea kuyeyuka? Chukua naitreti ya risasi na iodaidi ya potasiamu. Zote mbili hazina rangi, ni kama maji tu. Zichanganye, mara moja unapata mashapo ya manjano yanayong'aa. Risasi na iodaidi wameoana. Potasiamu na naitreti ni wageni waliokuja kutazama harusi, ndiyo maana hatuwaandiki katika mlinganyo wa ioni. Ukijua hivyo, huna haja ya kukariri milinganyo mia.

Tena kutoelewa kunaweza kukuletea balaa. Kuna watu wanaosafisha choo kwa kuchanganya dawa ya kung'arisha nguo na dawa ya choo yenye asidi, wakidhani mbili ni bora kuliko moja. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini. Gesi hiyo ndiyo iliyotumiwa kama silaha kule Ypres, Ubelgiji, mwaka wa 1915. Mlinganyo wake umo katika vitabu vyetu, lakini aliyeukariri tu hataukumbuka akiwa ameshika brashi ya choo.

Najua wapo watakaonipinga. Watasema, "Wewe, mtihani wa KCSE wa Kemia ni kwa Kiingereza. Kiswahili kitakusaidia nini?" Ni kweli, na mimi sisemi tuandike mtihani kwa Kiswahili. Nasema tuelewe kwanza, ndipo tuandike. Mtu akielewa jambo kwa lugha anayoota nayo, kulitia katika lugha nyingine ni kazi ndogo. Lakini aliyekariri maneno matupu hana kitu cha kutafsiri.

Basi naomba mambo mawili. Kwanza, Chama chetu cha Kiswahili kiungane na wenzetu wa Chama cha Sayansi mara moja kila mwezi, na kila kundi lieleze jaribio moja kwa Kiswahili hadi mwanafunzi wa kidato cha kwanza aelewe. Pili, sisi wa shule ya kutwa tuna bahati ambayo wenzetu wa bweni hawana: kila jioni tunarudi nyumbani. Tulete maji ya kwetu katika chupa, ya mvua, ya mfereji na ya kisima, tuhesabu ni matone mangapi ya maji ya sabuni yanayohitajika hadi povu litokee. Hapo hakuna gharama, na hakuna wa kusinzia.

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mimi niliinama kwenye karai la mama. Mtihani uliofuata swali la maji magumu lilirudi, nikapata zote 4. Nilipomwonyesha mama karatasi alicheka, akanikabidhi ndoo na kusema, "Haya profesa, nguo zakungoja."

Mwanachama wenu,
Kidato cha Tatu