Raga si vita, muulize Jack Harrison

Wikendi ikifika, sikiliza tunavyoongea. "Leo ni vita!" "Tutawachinja!" Hata timu yetu ya wachezaji saba tunaiita Shujaa, na wakicheza poa tunasahau mpaka kodi ya nyumba. Lakini hebu nikupe stori ya jamaa aliyeijua raga na akavijua vita, kisha uniambie kama vinafanana.

Jack Harrison alikuwa mwalimu mjini Hull, Uingereza. Pia alikuwa winga wa klabu ya Hull katika raga ya ligi, ile ya wachezaji 13. Msimu wa 1913-14 alifunga trai 52. Miaka zaidi ya 100 imepita na hakuna mchezaji wa klabu hiyo aliyeivunja rekodi yake. Msimu huohuo walibeba Kombe la Challenge, naye akafunga trai kwenye fainali.

Kisha Vita vya Kwanza vya Dunia vikazuka, Harrison akaingia jeshini na kuwa afisa. Tarehe 3 Mei 1917, karibu na kijiji cha Oppy, Ufaransa, wanajeshi wake walikwama mbele ya bunduki ya rashasha. Akachomoka peke yake, bastola na guruneti mkononi, akaikimbilia. Hakurudi. Mwili wake haukupatikana. Alikuwa na miaka 26.

Alitunukiwa Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa vitani nchini humo. Nishani ikabaki na mjane na mtoto mdogo wa kiume. Mtoto huyo alikua, akawa mwanajeshi, naye akauawa Dunkirk mwaka wa 1940.

Najua utasema hayo ya "kuchinja" ni maneno tu ya mashabiki. Sawa. Lakini mazoea yana taabu. Ukizoea kumwita mpinzani adui Jumamosi, Jumatatu mwanasiasa akikuletea adui mwingine, hatatoka jasho kukushawishi. Tumeyaona hayo hapa kwetu.

Uwanjani mtu anakuangusha, refa anapuliza filimbi, halafu huyohuyo anakupa mkono uinuke. Mbio za mwisho za Harrison hazikuwa na refa.

Kwa hivyo shangilia mpaka sauti ikauke. Ila mechi ikiisha, msalimie shabiki wa upande ule mwingine, mpande matatu moja mrudi nyumbani. Harrison hakuipata nafasi hiyo.